MAONI: Vijana tunaong'arisha vyombo, tuache kuuza mng'ao wa wiki mbili

Ukipitisha kiganja juu ya boti ya faibaglasi iliyokaa juani miaka mingi, kiganja kinatoka cheupe kama cha mwalimu aliyetoka kuandika ubaoni. Wengi hudhani ni vumbi. Si vumbi. Ni ngozi ya boti yenyewe inayobaki mkononi mwako.

Jambo hilo nililijua Desemba iliyopita kule Kampi ya Samaki, Ziwa Baringo, nikiwa na bafa ya kuazima, ndoo mbili na ujuaji mwingi. Nilirudi Eldoret na vidole vilivyochubuka na maoni ambayo najua hayatawafurahisha wasee wangu wa kuosha magari. Lakini wacha niyaseme: wengi wetu tunaong'arisha vyombo vya watu hatutengenezi kitu. Tunauza mng'ao wa wiki mbili, na iko siku mng'ao huo utaua mtu.

Usinirushie mawe kabla hujamaliza kusoma. Mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Nyuma ya tangi la maji

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilinishinda na, nisiwe mnafiki, hata hamu ilikuwa imeniisha. Nikaangukia kazi ya kuosha magari hapa Eldoret. Baada ya miezi michache nikapandishwa cheo kwa njia ya mtaani, yaani jamaa aliyekuwa akishika bafa alipata kazi Nairobi, nami nikaachiwa mashine. Kung'arisha kunalipa kuliko kuosha. Gari linaingia limechakaa, linatoka kama limeshuka melini jana. Mwenyewe anapiga picha, anaweka kwa stetasi, anakuongezea mia mbili ya soda. Nani hapendi kazi ya namna hiyo?

Na mji wetu una kiu ya kung'aa. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na tangu hapo kila mtu anataka gari lake lifanane na jiji. Shida ni jua. Watu huiona baridi ya asubuhi hapa Sikisti-foo wakadhani jua letu ni la upole. Tuko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000, miale ya jua inayochoma ngozi na rangi huongezeka kwa karibu asilimia 10. Ndiyo maana boneti nyekundu inageuka waridi huku mwenye gari akiwa amevaa jaketi.

Basi kulikuwa na dalali mmoja wa magari aliyekuwa akituletea kazi. Sharti lake lilikuwa moja tu: "Ling'ae mpaka liuzwe." Tulikuwa tunaosha, tunapaka mafuta ya silikoni, tunafuta, basi. Elewa kinachofanyika hapo. Rangi iliyochoka ina vishimo vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Mwanga ukiipiga hutawanyika ovyo, ndiyo maana inaonekana imepauka. Ukivijaza vishimo hivyo mafuta, mwanga unarudi sawasawa na gari linang'aa. Mvua mbili tatu na sabuni kidogo, mafuta yameenda, na gari liko vile vile lilivyokuwa.

Siku moja mama mmoja alirudi na gari alilouziwa. Kwa sare aliyovaa nilijua ni muuguzi. Hakuja na kelele. Alisimama kando ya gari akauliza, "Ni nani alililipaka hili gari?" Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji. Nikakaa huko huko mpaka alipoondoka. Nimeandika mengi kuhusu maisha ya mtaani, lakini hilo sijawahi kuliandika.

Ngozi inayozaliwa kwanza

Kazi ya Baringo niliipata kupitia mteja anayetoka Marigat. Mjomba wake, nitamwita Mzee tu, ana boti ya faibaglasi ya kama mita sita inayobeba watalii na wenyeji. Alitaka ing'ae kabla ya Krismasi, kwa sababu wageni wakifika ufuoni huchagua boti kwa macho.

Nikapanda matatu asubuhi. Tukapita Iten, tukateremka bonde la Kerio, tukavuka daraja la Chebloch ambapo vijana hujirusha mtoni watu wakiwatazama, tukapanda Kabarnet, tukateremka tena hadi Marigat. Kufika ziwani, joto lilinipiga usoni kama mtu amefunua sufuria.

"Kijana wangu, umefika. Umekula?"

"Nimekula, Mzee."

"Hujakula. Kaa chini."

Nikala. Kisha akanionyesha boti, na mimi nikamwonyesha vifaa vyangu. Alipofika kwa chupa ya silikoni akaigeuza geuza.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya kumalizia, Mzee."

"Ya kumalizia kazi au ya kumalizana na mimi?"

Sikuwa na jibu. Chupa ikarudi kwa begi.

Mzee hakuwa fundi wa kung'arisha, lakini alikuwa ameona boti za faibaglasi zikitengenezwa, na alinifundisha jambo ambalo mtandaoni nilikuwa nimeliruka. Boti ya namna hii huundwa ndani ya kalibu, na huundwa kutoka nje kwenda ndani. Kalibu hupakwa nta ili boti isigande humo. Kisha hupuliziwa tabaka la utomvu mzito wenye rangi, ambalo mafundi huliita jelikoti. Baada ya hapo ndipo hulazwa nyuzi za kioo na utomvu, tabaka juu ya tabaka, mpaka mwili upate unene. Ukitoa boti kwenye kalibu, ngozi iko tayari na inang'aa. Kwa hivyo ngozi huzaliwa kwanza, mwili baadaye, na hiyo ngozi ndiyo inayozuia maji na jua visifike kwenye nyuzi.

Unene wa jelikoti ikiwa mpya ni kama nusu milimita. Ile rangi angavu ya juu ya gari ni nyembamba zaidi, kama sehemu moja ya kumi ya hiyo. Fundi wa magari akisikia hivyo anafurahi: nusu milimita ni nyingi, nisugue nitakavyo! Hapo ndipo tunapotea. Nusu milimita ni ya maisha yote ya boti. Kila anayekuja na msasa anakula kidogo na kwenda zake, na hakuna anayeandika mahali kwamba amekula.

Kazi yenyewe ilivyo

Nitaeleza kwa sababu wako vijana wanaosoma hapa na wana bafa nyumbani.

Kwanza unaosha. Si kupitisha kitambaa, unaosha kwa sabuni mpaka nta ya zamani, mafuta na mwani vitoke. Halafu unachagua mahali padogo palipojificha, ukubwa wa kiganja, unapajaribu. Unaanza na dawa laini kabisa. Ikifaa, unaishia hapo. Isipofaa, ndipo unashika msasa wa maji, na hata huo unaanza na laini, namba 2000, halafu 1500, halafu 1000. Namba ikipungua msasa unakuwa mkali zaidi. Lengo ni kuondoa kidogo iwezekanavyo. Sisi huku mtaani tumezoea kinyume: tunaanza na mkali ili tumalize haraka.

Boti ya Mzee ilihitaji 1000. Kabla ya kusugua nilichora mistari ya penseli juu ya sehemu yote. Mistari ikiisha sawasawa, umesugua sawasawa. Pakibaki mstari, hapo kuna bonde. Maji ya ndoo yaligeuka kama maziwa, na hayo maziwa ni jelikoti iliyokufa. Ukitoka 1000 unapanda 1500, kisha 2000, kila mmoja ukifuta mikwaruzo ya mwenzake. Baada ya msasa inakuja bafa na sufi pamoja na dawa ya kukata, kisha sponji na polishi laini, na mwisho nta kwa mkono. Unafanya kivulini. Bafa unaiendesha polepole na huiachi mahali pamoja, kwa sababu joto linaunguza. Kingo unazifunika kwa utepe wa karatasi, maana pale ngozi ni nyembamba zaidi na bafa huuma zaidi.

Na barakoa, ndugu yangu. Ukikausha vumbi lile ukalipuliza, ukivuta hewa unavuta na lenyewe. Nimeona vijana wakisugua faibaglasi wamefunga shati mdomoni. Pafu halina jelikoti.

Siku ya kwanza nilimaliza upande mmoja, nikapiga picha, nikajisikia mtu. Siku ya pili, kwenye ukingo wa mbele, nilikuwa nimechoka na utepe ukawa umebanduka sikuona. Bafa ikapita sekunde chache tu. Pakatokea doa la kijivu, na ndani yake nyuzi. Nilikuwa nimemaliza ngozi.

Nilizima mashine. Nikaangalia kushoto na kulia. Nitakuambia ukweli: jambo la kwanza lililonijia akilini ni ile chupa kwa begi. Doa dogo, mafuta kidogo, nani angeona kabla sijafika Kabarnet? Lakini nilikuwa nimekula ugali wa yule mzee siku mbili. Nikamwita.

Aliinama akatazama muda mrefu. Kisha akaniambia, "Wewe umepita mara moja. Kuna wengine wamepita hapa kabla yako." Kila msimu alikuwa akilipa vijana wamng'arishie, na kila msimu walianza na msasa mkali, wakamaliza kwa mafuta. Boti ilikuwa ikinyolewa mwaka baada ya mwaka huku mwenyewe akiona inapendeza.

Ufa nyuma ya mng'ao

Siku ya tatu nikahamia nyuma, kwenye ule ubao unaobeba injini. Hapo palikuwa na mafuta mengi kuliko popote, yameganda kama ngozi ya pili. Nikaosha, nikasugua. Chaki ilipotoka zikaanza kuonekana nyufa nyembamba kama nywele, zimetawanyika kama nyota kuanzia kwenye matundu ya bolti za injini.

Nyufa ndogo si lazima ziwe balaa. Boti nyingi kuukuu zinazo. Lakini zikizunguka mahali panapobeba uzito, unauliza. Mzee akachukua bisibisi, akaigeuza, akaanza kugonga kwa mpini. Huku pembeni ikalia ti, ti, ti. Akisogea katikati ikalia du. Akarudia. Du. Ndani ya ubao ule wa faibaglasi huwa kuna mbao, na maji yalikuwa yamepita kwenye nyufa yakaziozesha. Injini inayosukuma watu tisa ilikuwa imeshikwa na ganda.

Sasa fikiria lile ziwa. Maji ya Baringo yamepanda sana miaka hii. Mwaka 2020 yalimeza hoteli, nyumba na mashamba ya watu. Kwa wakazi wa visiwani, kama Ol Kokwe, boti ndiyo matatu: inabeba mama anayekwenda sokoni na mtoto anayekwenda hospitali. Na ndani ya maji hayo kuna mamba na viboko. Injini ikichomoka na ubao wake katikati ya ziwa, maji yanaingia kutoka nyuma. Utaogelea kwenda wapi?

Zilikuwa zimebaki siku tatu Krismasi ifike. Jirani mmoja wa Mzee, naye ana boti, akashauri tuzibe nyufa kwa jelikoti, tusugue, ing'ae, msimu upite, mambo mengine Januari. Na ingewezekana, nakuambia. Ningeziba asubuhi, jioni usingejua palikuwa na nini. Kazi safi kabisa kwa macho.

Mzee alikaa kwenye jiwe akatazama ziwa. Hakuniuliza maoni, lakini nilimpa. "Mzee, mimi naweza kuificha. Siwezi kuitengeneza."

Boti haikuingia majini Krismasi hiyo. Wageni walikuja, wakapanda za wengine. Mzee alinilipa nusu, nusu akanitumia Januari, na sijui aliitoa wapi.

Januari hiyo nilirudi kumsaidia fundi wa faibaglasi aliyeitwa kutoka Naivasha. Alikata ngozi ya ndani, akachota mbao zilizooza kwa mkono, nyeusi na laini kama majani ya chai yaliyochujwa. Akaweka mbao mpya, nyuzi na utomvu mpya. Alipofika kupaka jelikoti mpya ndipo nilipoona dhambi ya kazi yetu. Ilikataa kushika. Ilikuwa ikijikunja na kuacha vidoa vya duara kama macho ya samaki. Akasonya. "Nani alipaka silikoni hapa?" Silikoni ikishaingia haitoki kwa maji. Alifuta, akaosha, akasugua, akapaka tena, siku nzima ikapotea.

Unaona? Mafuta yale ya shilingi mia chache hayakumdanganya mwenye boti peke yake. Yalificha ufa, yakampa abiria imani ya bure, na yakamharibia kazi fundi aliyekuja kutengeneza kwa kweli.

"Lakini mteja anataka ing'ae tu"

Hilo ndilo jibu ninalopewa kila ninapoanza mjadala huu mtaani. Mteja ni mfalme. Mteja hana doo ya kazi kubwa. Wewe usipomng'arishia, mwenzako wa ng'ambo ya barabara atamng'arishia.

Kweli, mteja hana doo. Basi tupige hesabu mbele yake. Kwa boti kama ya Mzee, mng'ao wa haraka ningemtoza 2,500. Akirudi kila mwezi, mwaka ukiisha ametoa 30,000 na boti imezidi kufa. Kazi ya kusugua kwa utaratibu, siku nne na vifaa, nilimtoza 18,000. Akipakwa nta mara tatu kwa mwaka kwa 2,000, jumla ni 24,000, na mwaka unaofuata ni nta peke yake. Akiifunika kwa turubai ikiwa ufuoni, hata nta itadumu zaidi. Mfukoni nani amepata?

Shida ni kwamba hatumwonyeshi hesabu hiyo kwa sababu mteja anayerudi kila mwezi anatufaa. Tuseme wazi. Sisi vijana tunalalamika kila siku kuhusu wanasiasa wanaopaka barabara lami nyembamba kabla ya uchaguzi. Mvua moja, shimo liko pale pale. Tunawatukana, halafu tunashika chupa ya silikoni.

Wako watakaosema chombo kikichakaa nunua kipya. Nani, mimi na wewe? Na hicho cha zamani kinaenda wapi? Mashua ya mbao ukiiacha ufuoni itaoza irudi udongoni. Faibaglasi hairudi popote. Itakaa pale mpaka wajukuu wako waoe. Kule Lamu mafundi waliunda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, likaingia majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Dunia ikapiga makofi, na ilistahili. Kijana anayeipa boti kuukuu miaka kumi zaidi anafanya kazi ya ukoo huo huo, ila yeye hapigiwi makofi. Analipwa mia mbili ya soda.

Kwa hivyo haya ndiyo maombi yangu.

Kwa wenye vyombo: acheni kuuliza "itang'aa?" Ulizeni "umetoa kiasi gani, na kimebaki kiasi gani?" Fundi akikasirika kwa swali hilo, chukua boti yako uende. Na kabla ya kumwita yeyote, pitisha kiganja. Kikitoka cheupe, bado ni chaki na kuna kazi ya kufanywa. Ukiona nyuzi, hakuna wa kukung'arishia. Unahitaji ngozi mpya, na anayekuambia vinginevyo anataka pesa zako.

Kwa mafundi wenzangu: andikeni. Daftari la shilingi hamsini linatosha. Tarehe, msasa uliotumia, ulichokiona, ulichokiacha. Mpe mwenye chombo nakala. Mwenzako atakayekuja mwaka ujao ajue ngozi imekuliwa mara ngapi. Ukiona ufa, usizibe kabla mwenyewe hajauona. Piga picha, mtumie, ndipo muongee. Hata kama siku hiyo utakosa kazi.

Kwa vijana mlioacha chuo kama mimi: hii ni taaluma, ifanyeni kama taaluma. NITA hutahini mafundi kwa madaraja, kutoka la tatu hadi la kwanza, na mtu aliyejifunzia kazini anaweza kuufanya mtihani. Mimi nalenga wa kupaka rangi magari. Sitaki cheti cha kutundika ukutani. Nataka mteja akiniuliza nilijifunzia wapi, nisianze kutazama tangi la maji. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimwambia mathee niko "kwa biashara ya magari". Siku hizi namwambia nasugua, na namweleza ninavyosugua mpaka anasinzia.

Dalali yule sifanyi naye kazi tena. Alipata mwingine siku hiyo hiyo, hilo nalo nilisema nisilifiche. Mwezi wa kwanza nilihesabu wateja sita tu. Kazi ya ukweli huanza na njaa kidogo, na anayekuambia tofauti anakuuzia kozi.

Boti ya Mzee ilirudi majini Februari. Ukiiona ufuoni utaijua: nyeupe, inang'aa kiasi, na pale mbele kwenye ukingo kuna kiraka ambacho rangi yake haikulingana vizuri. Nilijitolea kukisawazisha bure. Alikataa. Wageni wakiuliza pale pana nini, anawaonyesha, kisha anawapeleka nyuma anawagongea ubao wa injini kwa bisibisi wausikie ukilia ti, ti, ti, ndipo anawapa jaketi za kuokolea maisha na kuwaambia wapande.